Kabla ya kukata upindo, geuza gauni ndani

Juma hili hatuanzi na habari njema. Tunaanza na magauni 11 tuliyoyaharibu sisi wenyewe, kwa makasi yetu wenyewe, tukidhani tunayatengeneza.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka jana. Tulikuwa tumeweka falanga za likelemba pamoja kwa miezi minne, tukanunua balo moja la salaula la kilo 45, la robe za wanawake. Tulitaka kuuza kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa, kwa sababu karibu kila mama katika kikundi alikuwa na mtoto wa sekondari. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bure tangu 2019, lakini sekondari ni habari nyingine, na sisi tulio walimu tunaijua habari hiyo kutoka pande zote mbili za meza.

Balo lilipofunguliwa, tulikuta katikati ya nguo za kawaida magauni 14 ya zamani, ya zamani kweli: sketi pana, kiuno chembamba, zipu za chuma ubavuni, maua makubwa ambayo huyaoni tena kwenye vitambaa vya sasa. Yalikuwa marefu, yakifika katikati ya muundi. Mmoja wetu alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba wasichana wa leo hawavai urefu huo. Basi tukayafupisha. Tulikata 11 kwa alasiri moja, sentimita 15 hadi 20 kila moja, tukapiga upindo mwembamba kwa mashini, tukayatundika kwenye kamba ndani ya lupango tukiwa tumefurahi.

Siku tatu baadaye akapita mama mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, akielekea Kasenga. Alisimama, akashika gauni la kwanza, hakutazama kola wala maua. Aliinama, akageuza upindo ndani, akauachia. Akafanya hivyo kwa la pili, na la tatu. Kisha akauliza kama hatuna mengine ambayo hayajakatwa. Tulikuwa nayo matatu tu, yale ambayo jioni ilitukuta hatujayafikia. Akayanunua yote matatu bila kubishana sana, na falanga alizotupa zilikaribia zile tulizopata baadaye kwa yale 11 yote kwa jumla. Alituambia kwamba wateja wake wa mjini, wale wa harusi na wa picha, wanataka gauni kama lilivyotoka kwa fundi wake wa kwanza. Urefu watapunguza wenyewe, kwa kukunja.

Mwezi huo wa tisa watoto wawili wa kikundi chetu walianza shule wakiwa wamechelewa majuma mawili. Ndiyo sababu tunaandika.

Aliyetufundisha tulipokosea ni nkambo mmoja wa hapa kwetu, ambaye mama yake alijifunza kushona kwa masista, zamani za Wabelgiji, katika zile nyumba za foyer social ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi. Mengi ya foyer hizo yalikuwa ya kumfanya mwanamke awe vile mkoloni alivyotaka, na hatuna haja ya kuyasifu. Lakini sindano ilibaki. Nkambo alichukua moja ya yale magauni yaliyokatwa, akaomba na kile kipande tulichokitupa, akakiweka juu ya mapaja yake. Akatuonyesha kwamba ndani ya kipande kile kulikuwa na sentimita 7 za kitambaa kilichokunjwa, zimeshonwa kwa mkono, na juu ya ukingo wake kuna utepe mwembamba wa hariri bandia. «Hii ndiyo akiba ya gauni,» akasema. «Mumetupa akiba mukabakiza matumizi.»

Tuelewane kuhusu neno hilo, maana tutalirudia. Akiba ni kile kitambaa kilichokunjwa kuelekea ndani chini ya gauni. Fundi wa zamani aliacha akiba kubwa, sentimita 5, 6, hata 8, kwa sababu gauni lilikuwa mali: msichana akirefuka, upindo unashushwa, mama akimpa mdogo wake, unapandishwa. Kiwanda cha leo kinahesabu kila sentimita ya kitambaa, kwa hiyo kinaacha moja au mbili. Ukigeuza upindo na kukuta akiba pana iliyoshonwa kwa mkono, umeshika kitu ambacho si cha jana.

Biashara hii si ngeni katika njia yetu. Mwanaanthropolojia Karen Tranberg Hansen, aliyeandika kitabu kizima kuhusu nguo hizi na kukiita kwa jina lenyewe, Salaula, kilichotoka mwaka 2000, anaeleza kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia nguo zilizovaliwa zilipitia kwenye Kongo ya Wabelgiji na kuvuka kwenda Rodezia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, hasa upande wa Luapula na Copperbelt. Leo balo nyingi zinatujia kwa upande wa pili, kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na hata neno salaula tumelipata kwa Kibemba: kuchagua kwa kufukua ndani ya lundo. Nguo zimegeuza njia. Sisi tuko palepale kando ya barabara, na wanaopita kwenda Kasenga au kurudi Lubumbashi bado wanasimama kutazama kamba zetu.

Sasa tuje kwenye lundo lenyewe. Mama unapofukua, usianze na kola. Shika gauni chini, geuza, tazama kwa macho na kwa vidole.

Kwanza, pima akiba. Kidole cha shahada kikizama mpaka kiungo cha pili, una kama sentimita 5, na hizo zinatosha kwa karibu kila kazi. Pili, nyoosha upindo kuelekea jua. Kama mwanga unapita kwa vitundu vidogo vidogo kwenye mkunjo, kitambaa kimelika pale kinapokunjika, na ukikishusha kitakatika mstari mzima. Tatu, vuta kidogo kwa vidole gumba viwili, polepole, kama unavyojaribu karatasi ya zamani ya daftari. Kitambaa kizima kinakataa. Kilichooza kinatoa sauti ndogo kavu, na hapo kiache, hata kama maua yake yanakuita. Hariri za zamani na viskosi zilizokaa vibaya ndizo zinazotudanganya mara nyingi.

Nne, tazama rangi ya ndani ya akiba na rangi ya nje. Ndani hapakuona jua. Kama tofauti ni kubwa, maana yake ukishusha upindo utapata ukanda wenye rangi kali chini ya gauni lililofifia, na kila mtu ataona. Gauni la namna hiyo linabaki na urefu wake uleule.

Tano, tazama uchafu. Huku kwetu vumbi ni jekundu, tunalijua linavyokaa kwenye ukingo wa kikwembe wakati wa kiangazi. Lakini gauni la balo linakuja na uchafu wa nchi nyingine: lami, mafuta, alama ya maji iliyokauka. Alama ya maji mara nyingi inatoka kwa sabuni. Kutu ya pini aliyoisahau fundi wa huko haitoki kwa sabuni, na ukitia dawa ya kufanya weupe unaweza kutoboa kitambaa.

Umri wa gauni nao unasaidia kujua kama kazi italipa. Hapa sisi walimu tunajidai kidogo, kwa sababu ni somo la jografia na historia kwenye kipande cha utepe. Lebo ikisema «Made in West Germany», gauni lilishonwa kabla ya mwezi wa kumi 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. «Made in Czechoslovakia», kabla ya mwaka 1993. Nguo za Marekani zenye lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi, herufi ILGWU, hazipiti mwaka 1995, kwa maana mwaka huo chama hicho kiliungana na kingine na jina likabadilika. Na kama gauni la Marekani halina kabisa maelezo ya kufua, huenda ni la kabla ya 1972, ingawa lebo inaweza kuwa imekatwa tu kwa sababu ilimwasha mtu shingoni. Zipu ya chuma ubavuni mara nyingi ni dalili ya miaka ya 1940 au 1950. Mara nyingi, tunasema, maana mafundi wa nyumbani walitumia walichokuwa nacho. Gauni lisilo na lebo yoyote, lenye akiba pana na mishono ya mkono, huenda lilishonwa nyumbani na mama fulani kwa ajili ya binti yake. Hayo ndiyo tunayoyapenda kuliko yote.

Mukishachagua, fanyeni hesabu kabla ya kushika sindano. Tuseme gauni limekufikia kwa falanga 6 000. Kama lilivyo, upindo ukining'inia, litauzwa 8 000. Uzi, sabuni, siki na makala ya pasi, weka 1 000. Likirekebishwa vizuri, mteja anatoa 15 000. Faida imetoka 2 000 ikawa 8 000, lakini umekaa saa tatu. Wamama wengi hawahesabu saa zao, wanahesabu uzi tu. Saa tatu ni saa tatu: ungeuza mboga, ungelima, ungelala. Sketi ya mviringo mzima ina mzunguko wa mita nne hata tano chini, na kushona mita tano kwa mkono si jambo la kufanya huku unapika bukari. Kwa gauni la bei ndogo, rekebisha pale palipofumuka tu, urudishe kambani.

Kazi yenyewe inaanza kwa kujua kitambaa. Kata nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya akiba, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya bati, mbali na nguo na mbali na watoto. Pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua. Poliesta na nailoni zinayeyuka, zinabaki tone gumu. Viskosi inaungua kama pamba, lakini ikilowa inapoteza nguvu, kwa hiyo usiikamue kwa kuisokota. Ibonyeze ndani ya taulo. Uzi nao ufuate kitambaa. Uzi mkali wa poliesta kwenye pamba nyembamba iliyochoka unakata kitambaa kama waya unavyokata sabuni.

Kisha kufumua. Upindo wa mkono unafumuliwa kwa subira, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano nene. Wembe unafanya haraka, na tumeshaona haraka yake. Upindo wa kiwandani wa mashini ile isiyoonekana kwa nje ni tofauti: umeshonwa kwa uzi mmoja wa mnyororo, sawa na mdomo wa mfuko wa unga. Munajua mfuko wa unga. Ukivuta upande usiofaa unapigana nao mpaka jioni. Ukipata ncha yenyewe, wote unafunguka kwa mkono mmoja. Na ndiyo sababu magauni mengi ya balo yanafika upindo wake ukiburuta: ncha moja ilinaswa na kisigino, mnyororo ukaenda wote. Hilo si gauni bovu. Ni gauni la bei ndogo linalongoja mama mwenye sindano.

Mstari wa mkunjo wa zamani ndio unaowasumbua wengi. Changanya siki nyeupe kidogo na maji mara tatu yake, jaribu kwanza mahali pasipoonekana ndani ya akiba, ngoja pakauke. Rangi isipokimbia, lowesha kitambaa safi cha pamba, weka juu ya mstari, bonyeza pasi bila kuiburuta. Inua, weka tena. Siki inalegeza mkunjo. Rangi iliyofifia hairudishi, na anayekuambia inarudisha anakuuzia siki. Kama mstari umebaki mweupe, ufunike: utepe wa kusuka, lesi nyembamba, au mikunjo miwili midogo ya kushonwa kuzunguka sketi, kama zile zilizokuwa kwenye nguo za komunio za watoto. Zinapendeza, na zinaonekana zilikuwepo tangu mwanzo.

Neno kuhusu pasi ya makala, maana wengi wetu umeme unatujia unapotaka. Itikise nje kabla, ipuze majivu, ifute chini kwa kitambaa chenye unyevu, na usiiguse nguo ya zamani bila kitambaa katikati. Cheche moja inatosha. Tunalo gauni la manjano lenye tundu la ukubwa wa punje ya mtama, na kila tukilitazama tunanyamaza.

Kabla ya kupima upindo mpya, litundike gauni usiku kucha. Kwa sketi iliyokatwa kwa mviringo au kwa mshazari, tundika hata siku mbili, kwa sababu nyuzi zake zimelala mshazari na uzito wake unazivuta chini, sehemu moja zaidi ya nyingine. Ukilipima kabla halijashuka, litashuka mgongoni mwa mteja. Kisha mtu alivae, asimame wima na viatu, asitazame chini. Pima kutoka chini kwenda juu, usitoke kiunoni kwenda chini: kiuno cha mtu kimeinama upande mmoja, nyonga moja ni kubwa, lakini sakafu haina nyonga. Sisi tunatumia lile rula la mbao la ubaoni, lenye urefu wa mita, tunalisimamisha chini na kuweka alama kwa kipande cha sabuni kikavu kila baada ya kiganja kimoja. Anayepima ndiye azunguke. Aliyevaa akizunguka, upindo unazunguka naye na alama zinapotea njia.

Akiba irudishwe ndani yote. Yote! Kama gauni limekuwa refu, kunja zaidi, usikate. Kwenye sketi iliyonyooka sentimita 6 za akiba zinakaa vizuri na zinaipa sketi uzito mzuri chini. Kwenye sketi ya mviringo haiwezekani, kwa sababu ukingo wa nje ni mpana kuliko mahali unapokwenda kushonwa, na kitambaa kinajaa mikunjo. Hapo fundi wa kwanza mwenyewe aliacha sentimita 1 au 2, nawe mfuate. Ukipata sentimita 3, pitisha uzi wa kuvutia ukingoni, uvute kidogo kidogo mpaka utulie, kisha ushone.

Mshono wa mkono tunaoutumia zaidi ni ule wa kujificha: sindano inapita ndani ya mkunjo, inatoka, inachukua uzi mmoja tu au mbili za kitambaa cha nje, inarudi ndani ya mkunjo. Usivute. Ukivuta, kwa nje vinaonekana vishimo kama vya ndui. Mishono isipite umbali wa sentimita moja, vinginevyo kisigino kitanasa. Na kila baada ya kiganja kimoja, funga fundo dogo, ili siku uzi ukikatika upindo ufumuke kiganja kimoja tu, na mama asitoke kanisani ameshika gauni kwa mkono. Kwa kitambaa kizito, au kile kinachovutika kama jezi, tumia mshono wa msalaba, ule walimu wa coupe et couture wanaouita point de chausson, unaokwenda kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi nyuma kila hatua. Unavutika pamoja na kitambaa. Mshono wa mashini ulionyooka kwenye jezi unakatika mara ya kwanza mvaaji anapopanda pikipiki.

Bitana isisahaulike. Iwe fupi kuliko gauni kwa sentimita 2 au 3, na ishonwe peke yake. Tumeona mafundi wakiishona pamoja na gauni ili kumaliza haraka, kisha gauni linajaa hewa kama chandarua.

Na kama akiba haipo, imekatwa na mtu aliyekutangulia, au, kama sisi, umeikata wewe? Shonea ukanda wa ndani. Kata kipande cha pamba nyepesi chenye upana wa sentimita 6, kwa mshazari kama sketi ni ya mviringo, kishonee ukingoni uso kwa uso, kigeuze ndani, kishone kwa mkono. Utapoteza nusu sentimita tu ya urefu. Vikwembe vya zamani vilivyolainika kwa kufuliwa vinafaa sana, mradi rangi yake imekwisha kutoka.

Upindo uliogandishwa kwa gundi ya pasi tunauacha kama umekaa vizuri. Kuubandua kunaacha ukoko unaong'aa ambao hakuna sabuni tuliyoipata ya kuuondoa.

Liko jambo moja ambalo katika kikundi chetu halijaisha, na tunaliandika hapa kama lilivyo. Baada ya balo lile, tulinunua magauni machache sokoni Kenya, mjini Lubumbashi. Moja lilikuwa la viskosi, rangi ya divai, na mkunjo wa upindo wake ulikuwa umelika. Tuliliona. Tulikunja juu ya mstari mbovu, tukashona vizuri, tukapiga pasi, likawa zuri kuliko yote. Aliyelinunua hatukumwambia kitu. Alilivaa kwenye harusi ya mdogo wake, akacheza, na likachanika kuzunguka chini, kiganja baada ya kiganja, mbele ya wakwe. Alilirudisha Jumatatu asubuhi. Hakupiga kelele, alilikunja vizuri akaliweka mezani. Tulimrudishia falanga zake kutoka kwenye sanduku la kikundi, na mama wawili walikasirika, wakasema nguo ya salaula haina dhamana, kila mnunuzi anajua anachonunua.

Nusu yetu bado wanasema hivyo. Wanasema ukimwambia mteja kila mshono, anashusha bei kwa kila mshono, na wana haki kwa kiasi fulani, tumeshuhudia. Sisi tunaoandika tumechukua upande mwingine. Tunageuza upindo mbele ya mteja, tunamwonyesha pale tuliposhona na pale kitambaa kilipochoka, kisha tunataja bei. Wengine wanaondoka. Yule wa gauni la divai alirudi mwezi wa kumi na mbili, akaleta dada zake.

Vile vipande 11 tulivyokata, nkambo hakukubali vichomwe. Alivifua, akavifunga kila kimoja kwa uzi na alama ya gauni lake. Magauni manne yalikuwa bado hayajauzwa, tukayarudishia vipande vyake, na juu ya kiungo tukapitisha utepe. Mstari unaonekana ukiutafuta, nasi tunauonyesha. Mawili yameuzwa, mawili yako kwenye kamba. Vipande saba vilivyobaki viko ndani ya mfuko nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, magauni yake hatujui yako wapi.

Jumamosi alasiri tutakutana tena kwa kazi hii. Kila mama alete gauni moja la zamani, sindano, uzi wa rangi inayokaribiana, na kipande cha sabuni kikavu. Makasi yaacheni nyumbani.